Mwano wa Nyanjige

Kabla ya kujibu mbele ya mkutano wa kijiji, Nyanjige alichukua funda la maji, akaliacha liloweshe ulimi. Mate yalikuwa yamemkauka tangu mionzi ya hospitali kule Dar es Salaam. Shingo ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, na ngozi ilibanduka kila kola ya gauni ilipoigusa.

"Tunakusubiri, shemeji," alisema Shigela, mdogo wa marehemu mumewe. Ndiye mkuu wa sungusungu hapa Lalago, na ndiye mwenye mizani: ushirika ulipokufa, mnunuzi wa pamba kutoka Bariadi alimfanya wakala wake.

Wezi walikuwa wamepitisha ng'ombe wa Shigela nyuma ya nyumba ya Nyanjige. Sheria wote waliijua. Anayeona wezi hupiga mwano, anayesikia hupokea, mpaka yowe lizunguke kijiji kizima. Kwake ndipo lilipokatika.

"Mama hana sauti," alisema Generoza, mke wa mwanawe. "Uvimbe wa koo umechomwa. Hata uji anaumeza kwa machozi."

"Jumapili kanisani midomo yake ilikuwa inacheza."

"Alikuwa anasali, baba."

"Basi Mungu anamsikia, sisi hatumsikii." Watu wakacheka. "Apige hapa. Kidogo tu."

Nyanjige alimtafuta mwanawe, Jilala, aliyesimama na upinde nyuma ya Shigela. Jilala alikuwa anakagua uzi wa upinde.

Akaomba moyoni, akafungua kinywa. Ikatoka pumzi, kikafuata kikohozi, na damu kidogo ikadondoka kwenye kanga.

"Mmeona wenyewe," Shigela alisema taratibu. "Hataki. Ametengwa mpaka alipe ng'ombe wangu. Asisalimiwe, asipewe moto wala maji. Jilala, mkeo amesikia?"

"Amesikia," Jilala alijibu.

Jua likiwa bado kali, maji ya nyumbani yakamwishia. Nyanjige akabeba ndoo yake kwenda kisimani. Wanawake wakasogea kumpisha. Aliwasalimu kwa midomo, na safari hii hakuna aliyemwambia apaze sauti.

Kamba ya kuchotea ilikuwa moja, ya wote. Generoza alikuwa wa mwisho. Alijitwisha ndoo, akaikunja kamba mkunjo kwa mkunjo, akaitundika begani, akawafuata wenzake. Hakugeuka.

Nyanjige akapiga magoti ukingoni mwa shimo. Maji aliyaona, chini kule. Ulimi ulikuwa umeshashikana na kaakaa.