Kidonda cha Mzee Obwocha

Fimbo iligonga chuma cha kitanda mara mbili. Jibril alikuwa bado kwenye ujia, ameshika beseni la maji ya chumvi, na pazia la chumba lilikuwa limefungwa. Hakumwona aliyegonga, lakini maana yake ilikuwa ile ile ya jana: rudi.

"Baba," alisema kutoka nje ya pazia, "naomba nikuoshe tu. Sitakuumiza."

Fimbo ikagonga tena.

Jibril alikuwa amehitimu shahada ya ustawi wa jamii, akatoka Tanga na kuvuka mpaka kuja kujitolea Kebirigo, katika nyumba inayolea watoto yatima upande mmoja na wazee upande wa pili. Watoto walimzoea siku ya kwanza. Wazee nao, isipokuwa Obwocha. Huyo alikuwa na kidonda kwenye paja, juu kabisa, na hakuruhusu mtu akifunue. Zamani alioshwa na Machogu, mhudumu wa rika lake, lakini Machogu alistaafu akarudi kwao Nyamache. Tangu hapo kidonda kilikaa chini ya blanketi, na harufu ikaanza kujaa chumbani.

"Ijumaa ikifika kama haijaoshwa, nampeleka hospitali Kisii," alisema Cynthia, muuguzi. "Na huko wakiona hiyo mguu ilivyo, wataikata."

"Kwa nini usimwoshe wewe?"

"Mimi? Nimeolewa kwa ukoo wake. Kwake mimi ni mke wa mtoto. Hata mlango wake napita haraka."

"Na mimi je? Si mwanamume?"

"Wewe ni mwanamume." Cynthia aliendelea kukunja vitambaa. "Hayo ni mambo ya chinsoni, Jibril. Ni haya na heshima. Hatuyasemi ovyo."

Jibril alichukia. Hakuwa kijana aliyezoea kukataliwa. Vina na mizani alikuwa amejifunza peke yake, na chuoni aliwashinda waliofundishwa. Aliamini tatizo ni kofia yake, au jina lake, au ugeni wake. Alishatunga kichwani beti kali za kumjibu yule mzee, akabaki nazo.

Alasiri watoto walikuja upande wa wazee kupukuchua mahindi barazani. Obwocha alikuwa ametolewa nje kwenye kiti, blanketi miguuni. Msichana mdogo anayeitwa Mokeira akajisukuma hadi gotini pake.

"Babu, unanuka kama beberu."

Jibril alisubiri fimbo. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mke wangu ana mdomo," aliwaambia wenzake. "Nitamrudisha kwao."

"Utanirudishaje? Kwetu hukuleta hata kuku."

"Basi olewa na huyu wa Tanga."

"Huyu? Ni mrefu, atamaliza blanketi yote."

Wazee walicheka. Mokeira akashika ncha ya blanketi iliyokuwa imeteleza, akaifunika vizuri juu ya paja, na Obwocha hakushtuka.

Jibril alimfuata Cynthia jikoni. "Mwana wa Obwocha akija kumwona, anaketi wapi?"

"Ochoki? Husimama mlangoni. Kwa kitanda ya baba yake hawezi kukaa."

"Na mtoto wa Ochoki?"

"Hajapata mtoto. Lakini mjukuu hukaa popote. Mjukuu ni rafiki."

Jibril akakumbuka siku aliyofika. Kwao mzee yeyote ni baba, na neno hilo hufungua milango. Alikuwa ameinama mbele ya Obwocha na kusema: mimi ni mwanao. Hapa mwana haoni paja la baba yake. Kila asubuhi alikuwa akijifungia mlango kwa adabu yake mwenyewe.

Kesho yake alisimama tena nje ya pazia. Fimbo ikagonga.

"Babu," alisema, "nimesikia una mke mdogo na hata kuoga huogi. Nitamchukua."

Fimbo ikawekwa sakafuni.

"Nani huyo?"

"Mjukuu wako wa Tanga."

"Jana ulikuwa mtoto wangu."

"Jana nilikuwa mjinga."

"Na leo?"

"Leo ni mjinga mwenye beseni."

Ndani, kitanda kililia. "Huko kwenu mnaoga, ama mnaingia tu baharini mnatoka?"

"Tunaoga. Ndiyo maana hatunuki kama beberu."

"Ingia, kijana mbaya wewe."

Obwocha alifunua blanketi mwenyewe. Kidonda kilikuwa kikubwa kuliko Jibril alivyodhani, kingo zake za kijivu. Akaanza kuosha. Cynthia alisimama nje ya pazia akiuliza: rangi gani, kina gani, usaha unatoka? Jibril akajibu moja moja.

"Basi kesho hatuendi Kisii," Cynthia alisema mwishowe. "Lakini ni kila siku. Ukiacha kuosha, hiyo mguu imeenda."

Mzee alitazama dari. "Unarudi kwenu lini?"

"Desemba." Kazi ilikuwa ikimngoja Tanga, kuanzia Januari.

"Yule wa Ujerumani aliyejitolea hapa kabla yako pia alisema Desemba. Tuliamka, hayupo. Watoto wakalia, sisi tukajifanya hatujaona." Alimgeukia Jibril. "Machogu alienda. Wewe utaenda. Nani ataniosha? Ochoki?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza.

Jibril alifunga kitambaa, akakaza fundo. Hakukumbuka hata ubeti mmoja.

"Babu, sitaondoka kabla kidonda hiki hakijafunga," alisema, kwa sauti ambayo Cynthia aliisikia nje. "Desemba ikipita, na ipite."