Saa Namba Kumi na Saba

Kila Jumapili akitoka ibadani, Aminiel alinawa mikono kwa majani ya mpapai, maana sabuni ilikuwa haipatikani Babati nzima, kisha akafungua mkebe wa biskuti na kuzitia ufunguo saa zake tano za kumbukumbu. Hakuzivaa. Moja ilikuwa ya jubilei ya usharika wao. Zilitengenezwa hamsini tu. Nyingine ilikuwa ya ufunguzi wa daraja. Daraja lilisombwa na mafuriko baada ya miezi minne, saa ikabaki.

Mwaka 1983 shirika la ugawaji alikokuwa karani lilitimiza miaka kumi. Liliagiza saa arobaini, kila moja na namba mgongoni, kwa wafanyakazi walioanza nalo. Aminiel alianza nalo tangu ghala halijawekwa mlango. Kwenye orodha, namba kumi na saba ilikuwa yake. Siku ya sherehe ilifungwa mkononi mwa Theodori, aliyeajiriwa mwaka juzi, na ambaye dada yake ameolewa na meneja Remigius.

“Makosa ya uchapaji, Ndugu Aminiel,” meneja alisema. “Ya kwako itakuja.”

Aminiel alipiga makofi pamoja na wenzake. Tangu siku hiyo macho yake hayakubanduka kwenye mkono ule. Theodori akikunja mkono wa shati, Aminiel aliiona saa. Akiukunjua, aliiona zaidi.

Saa ya ukutani ilikuwa imekufa kwa kukosa betri, kwa hiyo ofisi yote ilifuata saa ya Theodori. Haukupita mwezi, jua la Babati nalo likaanza kuifuata. Siku Theodori alipomwonyesha mgeni kutoka Arusha ile namba mgongoni, saa ilikimbia. Saa sita ikafika chai haijapoa. Jua likazama, kuku wa mtaa wa Nangara wakaingia bandani hawajashiba. Kijijini Sigino, mwendo mfupi tu kutoka hapo, watu walikuwa bado wanapalilia mahindi. Wa mjini walinung'unika kidogo, wakawasha koroboi wale waliokuwa na mafuta.

Mama Tunu, mkewe Aminiel, alikuwa mtu wa nne kwenye foleni ya sukari duka lilipofungwa.

“Leo siku imekuwa fupi tena, Baba Tunu,” alisema, akamwekea uji wa chumvi.

Moyo ulipozidi kumgonga mbavuni, Aminiel alikwenda zahanati. Muuguzi Jovita hakuwa na saa, akaazima ya Theodori, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri kung'olewa jino. Alishika mkono wa Aminiel, akahesabu mapigo ya dakika moja. Sitini. Akamtuma akimbie mpaka barabarani na kurudi, akahesabu tena. Sitini. Ndipo alipoutazama vizuri mshale wa sekunde, akaona unaruka kila moyo unapopiga.

“Moyo wako ndio unaoiendesha,” alisema huku akiandika cheti. “Saa hii ni ya kwako.”

“Najua,” alisema Aminiel.

Theodori alinyoosha mkono, akaichukua, akaivaa. “Ndiyo maana sijawahi kuitia ufunguo,” alisema, akashika tena shavu lake.

Mama Tunu alipokisoma cheti hakusema mengi. “Basi jitahidi kutulia, watu wapate sukari.”

Aminiel alijitahidi. Alitulia siku nne. Siku ya tano Theodori aliingia ofisini amefungia saa ile mkanda mpya wa ngozi, na giza likaingia kabla magunia hayajahesabiwa. Kesho yake Aminiel alipeleka cheti kwa meneja. Remigius alikisoma mara mbili.

“Maelezo yanajitosheleza,” alisema.

“Basi nirudishiwe saa yangu, mzee.”

“Orodha imeshafungwa, Ndugu Aminiel. Hilo la jua ndilo tunaloweza kulishughulikia.”

Barua ilitoka siku hiyohiyo. Aminiel alihamishiwa meza ya pembeni mwa Theodori, cheo Msaidizi wa Saa, aiangalie na kujirekebisha inapokimbia. Alijifunza kuvuta pumzi polepole. Wivu haukumtoka, aliutumia kwa kipimo, mwingine asubuhi, mwingine jioni, na siku za Babati zikarudia urefu wake. Mama Tunu akapata sukari nusu kilo.

Desemba Theodori alikwenda likizo kwao Mbulu. Meneja alisema saa haiwezi kusafiri bila mwangalizi, Aminiel akakatiwa tiketi ya basi, kiti cha jirani. Walipoanza kupanda mlima, Theodori alisinzia, mkono wake ukaangukia pajani kwa Aminiel. Mkanda ulikuwa umelegea, na saa ilikuwa imeteleza hadi kwenye vidole.

Aminiel aliishika. Ilipiga mikononi mwake, taratibu. Kisha akairudisha kwenye kifundo cha mkono wa Theodori na kukaza mkanda tundu moja, isije ikaanguka.