Msanifu Apima Mlango wa Jiko

Ufunguo wa kanisa la Lenkhari, kijiji cha milimani, ulikaa kiunoni mwa Bekerbi, kama ulivyokaa kiunoni mwa baba yake. Elguja alipofika kutoka Tbilisi, ilibidi amwombe yeye. Msanifu majengo huyo ana jina kubwa: kajenga hoteli, kajenga stesheni, na makanisa ya kale ya Georgia kayachora karibu yote. Bekerbi akamfungulia, akaketi mlangoni, macho hayabanduki mikononi mwa mgeni. Humo ndani mna picha ya Mtakatifu Giorgi, ya fedha, na wageni wenye maneno matamu Wasvani, watu wa milima hii, wanawajua fika.

Siku nzima Elguja alivuta futi, akachora, akakohoa. Picha hata hakuitupia jicho. Ndipo Bekerbi alipozidi kuingiwa na wasiwasi. Mwizi gani huyu?

Kesho yake Bekerbi akamkuta mgeni nyumbani kwake, kapiga magoti, anapima mlango wa jiko. Mzekala, mkewe Bekerbi, kasimama na bakuli la unga.

"Zizi kashalipima," Mzekala akasema. "Sasa jiko. Bado kiuno changu."

"Futi yangu haitatosha, dada," Elguja akajibu, akacheka peke yake.

Machale yakamcheza Bekerbi. "Bwana msanifu, wewe si mtu wa makanisa? Jiko langu lina utakatifu gani?"

"Kumbukumbu tu, ndugu yangu."

Kumbukumbu! Kwani wamekufa? Tangu theluji iporomoke na kufukia nyumba za upande wa mtoni, watu walinong'ona kwamba serikali itawahamishia wote tambarare, kwenye joto na mbu. Kila ofisa aliyeulizwa alikana. Na huyu naye, mbona anakwepa macho?

"Twende kanisani," Bekerbi akasema.

"Kule nimemaliza."

"Mimi sijamaliza."

Akaishusha picha, akaiweka juu ya meza ya jiwe. Kwa Wasvani, ugomvi wa mpaka, wa ng'ombe, hata wa damu, huishia hapo. Mtu akiapa mbele ya picha anaaminiwa, na hakuna anayethubutu kuapia uongo.

"Weka mkono. Apa kwamba hatuhamishwi."

Elguja akanyoosha mkono. Ukafika nusu ya njia, ukaganda.

"Nyumba zenu zinajengwa kule tambarare," akasema hatimaye. "Michoro ni yangu. Niliiomba kazi hii mwenyewe, Bekerbi. Wangempa mwingine, mngejengewa mabanda. Nataka mkifika kule mkute milango yenu ileile."

"Na kanisa?"

"Nimelichora. Kila jiwe."

Hasira zilimpanda Bekerbi. "Mimi nakuchunga usiibe picha! Laiti ungekuwa mwizi, Elguja. Ungechukua picha, ukatuachia kijiji."

Msanifu akaanza kukusanya karatasi zake, moja baada ya nyingine, bila kuzitazama.

"Na makaburi?" Bekerbi akauliza. "Umeyachora?"

"Makaburi... hayamo kwenye mpango."

Bekerbi akairudisha picha mahali pake, taratibu, akajifuta uso kwa kofia yake. Kisha akausukuma mlango wa nyuma, ule unaotokea makaburini, akaushikilia wazi.

"Lete hiyo futi," akasema. "Tunaanza na baba yangu."