Themostati Isiyo na Waya

Fundi wa viyoyozi alizitandaza themostati tatu, vidude vya kupangia baridi, juu ya meza ya bosi wa kiwanda cha mashati. Moja ilikuwa ya kubonyeza, nyingine ya kuzungusha kwa mkono, na ya tatu ganda tupu la plastiki lenye namba usoni. Ganda kama hilo hufungwa ukutani ili wafanyakazi wapate cha kuzungusha na waache kulalamika. Bosi hakujiuliza mara mbili. Akachukua ganda.

"Wakishazungusha wenyewe wataridhika," alisema, huku kiyoyozi chake kikimpuliza kisogoni.

Fundi aliona kinyaa, maana dada yake wa tumbo moja ndiye aliyekuwa akipiga pasi katika ukumbi wa kushonea. Hata hivyo alilifunga ganda ukutani. Nyuma ya ganda hapakuwa na waya hata wa dawa.

Washonaji wakalizungusha hadi nyuzi ishirini na mbili, na ukumbi ukapoa. Jasho likawakauka shingoni, mmoja akavaa sweta. Hakuna aliyeuliza baridi inatoka wapi.

Joto la ukumbi lilikuwa linaingia mwilini mwa dada. Fundi alipompitia jioni alimkuta mezani pake, mvuke ukimtoka kwenye nywele. Alimpa maji, yakachemka kikombeni kabla hajayafikisha mdomoni. Nyumbani mtoto wake alikataa kunyonya. Maziwa yalikuwa ya moto mno.

Kesho yake fundi aliwaomba washonaji wairudishe namba.

"Mwambie dada yako avumilie kidogo," mmoja alimjibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Na sisi tumechemka humu miaka nenda miaka rudi."

Bosi alipopata habari alikuja mwenyewe, akamgusa dada kwa ncha ya kidole, akajifuta kwa leso. Kisha akaamuru pasi zote ziondolewe ili kuokoa umeme. Tangu hapo dada akawa ananyoosha kola kwa kiganja, kwa mshahara ule ule. Uchafu mtupu.

Mishipa ya shingo ilipoanza kumtuna, fundi alipekua mkoba wake wa swichi za presha. Ya presha ndogo haikufaa. Hiyo hulinda mashine gesi ikipungua. Akachagua ya presha kubwa, ile inayozima mashine kabla bomba halijapasuka, akamfunga dada kiunoni. Ilifanya kazi. Kila presha ilipozidi, swichi ilikata, dada akapoa na kuketi. Mtoto akanyonya tena. Ila ukumbi nao ukapata joto, na mashati yakalala bila kunyooshwa.

Bosi akamwita fundi. "Unganisha waya moja kwa moja, hiyo swichi isikate. Mafundi wenzako hufanya hivyo kila siku."

"Atapasuka."

"Basi nitatafuta mwingine wa kunyoosha."

Aliyemshika fundi mkono ni dada mwenyewe, kiganja kikamwachia lengelenge.

"Unganisha tu, mdogo wangu," alisema. "Nikifukuzwa hapa, mtoto atakula nini?"

Fundi alikata kipande cha waya, akaunganisha. Washonaji wakainamia cherehani zao. Bosi akavua shati lake lililojikunja, akalitandaza mezani mbele ya dada, akasimama na fulana yake akisubiri.