Makabati ya Magurudumu

Baba hakuwa mwizi, ila magurudumu manne ya kigari cha nyuzi yalimfuata nyumbani kutoka kiwandani, akayafunga chini ya kabati letu. Nyumba zote kumi na nane za laini yetu zilikuwa na kabati la namna hiyo. Kampuni ilitujengea mlango mmoja tu, wa mbele, mwembamba, wenye ngazi tatu, halafu bomba la maji ikaliweka nyuma. Basi kila baba alitoboa ukuta wa nyuma kimyakimya akatia mlango. Msimamizi wa nyumba akibisha hodi, kabati linasukumwa, mlango unapotea. Aliyekamatwa alipoteza kazi na nyumba siku hiyohiyo, kwa hiyo hata sisi watoto tulijua kufunga mdomo.

Kiwanda kilikufa, baba naye akafuata, tukabaki mimi na Mama. Mwaka juzi kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Kiti chake cha magurudumu hakipiti mbele hata ukibembeleze vipi. Hutoka kwa mlango wa baba, kuota jua na kuwasema wapita njia.

Kisha akaja ofisa wa mambo ya kale, mwanamke mpole tuliyempachika jina Bi Futi kwa ile futi yake ya kupimia isiyotoka mkononi. Alisema nyumba zetu ni historia ya wafanyakazi, zitachorwa, zitalindwa. Habari njema, sivyo? Lakini alipobisha hodi na makaratasi yake, Mama alinitazama, akasema kwa nusu mdomo, "Kabati." Nami, mtu mzima na akili zangu, nikasukuma. Laini nzima ilisukuma. Nje tuliegemeza mabati kwenye milango kama zamani. Ramani ikatoka safi: nyumba kumi na nane, mlango mmoja mmoja, marufuku kubadili chochote.

Miezi minne baadaye Bi Futi alipita uchochoroni, akamkuta Mama mlangoni anaota jua.

"Mlango huu mmetoboa lini?"

"Aliutoboa marehemu baba," nikamjibu, "kabla hata sijaanza shule."

Akafungua ramani. "Hapa haupo. Nilipima mwenyewe." Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniudhi. "Ingekuwa laini nzima ina milango ya hivi, ningeiandika kuwa ni historia yenu. Lakini ni huu mmoja tu. Utazibwa Jumatatu."

Nilikimbia kwa Mzee Bobini, jirani yetu wa ukutani, aliyefanya kazi na baba miaka ishirini.

"Mzee wangu, muonyeshe na wewe wako. Mkionyesha wote, tumepona."

"Mlango gani, mwanangu?" Mgongo wake ulikuwa umeegemea kabati.

"Mzee, mimi si msimamizi!"

"Hawa wanaanza na kalamu," akasema. "Baadaye wanaleta gari la kutolea vyombo."

Nilizimaliza nyumba zote kumi na saba. Hakuna aliyeujua mlango.

Jumatatu fundi mwashi alikuja na matofali, Bi Futi nyuma yake. Nilimshika Bi Futi mkono, nia yangu nimburute hadi kwa Mzee Bobini, nilisukume lile kabati kwa mguu mbele yake. Nilishapiga hatua mbili Mama aliponidaka gauni kwa mkono wake mzima.

"Usiwachongee watu," akasema. "Hata siku moja."

Kwa dakika ile nilimchukia Mama, nasema wazi. Nikauachia ule mkono.

Fundi alishika tofali la kwanza, akasita. "Bibi anabaki ndani au nje?"

"Ndani," Mama akajibu mwenyewe, akatazama jua mara moja. Nikamsukuma ndani.

Walipoondoka, Mama aliutazama ukuta mbichi. "Kabati," akasema. Nikalisukuma, likauficha. Ndipo nyumba ya pili, kwa Mzee Bobini, tukasikia magurudumu yakilia. Kisha inayofuata, na inayofuata, hadi mwisho wa laini, watu wakifungua milango yao ya nyuma kwenda kuteka maji.