Baba Anatimiza Sitini na Tatu

Mwaka wa 1956 ulipoanza, baba yangu alinitangazia kwamba atakufa mwezi wa Rajabu. Alisema hivyo akiwa ameshika kipande cha muhogo, na alipomaliza kusema akakichovya kwenye mchuzi, akala.

Nikamuuliza anaumwa wapi.

"Siumwi," akasema. "Niko natimiza miaka makumi sita na tatu. Mutume wetu alifika pale, akaenda. Miye ni nani nimupite?"

Akatoa kitabu chake cha Bulamatari, kile ambacho kila mwanamume wa Kasongo alitembea nacho ili hao Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, wasimsumbue, akanionyesha mahali karani alipoandika mwaka wa kuzaliwa. Herufi za Kizungu sizisomi, lakini tarakimu zao nazijua kwa sababu ya soko. Ilikuwa 1893. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia. Kweli, sitini na tatu.

Baba yangu, Zuberi mwana wa Assumani, alikuwa fundi wa kanzu, na nusu ya wanaume walioingia msikitini Ijumaa walikuwa wamevaa mshono wake. Mimi ni Faida, mtoto wake wa kwanza. Mama alishafariki, mume wangu naye akafariki, nikarudi kwa Baba, nikawa ndiye ninayempikia, ninayemfulia na ninayegombana naye. Hasa kugombana. Sikujua nitafanya nini na mdomo wangu siku atakapoondoka.

"Mbele ya ile siku nataka foto," akasema. "Watoto yangu wote wasimame pamoja na miye."

Baba alikuwa hataki kabisa kupigwa picha. Lakini si hilo lililonishtua.

"Watoto wote?" nikamuuliza. "Wote si ni miye?"

"Wote, nimesema." Akautazama muhogo. "Usiniulize jina. Nimeapa."

Jina lilikuwa Amisa, mdogo wangu. Aliolewa na Grégoire, Mkristo, mtu wa kijiji cha Wamaza anayefundisha shule kule Kabambare. Siku alipoondoka, Baba alisimama mlangoni mbele ya majirani akaapa kwamba yeye ana binti mmoja tu, jina lake Faida. Miaka tisa ilipita tangu siku ile, na ndani ya nyumba yetu jina la Amisa halikutajwa hata kwa bahati mbaya. Watu walidhani ni heshima kubwa kuwa binti pekee. Wangekuja wafue zile kanzu.

Kesho yake nikaenda kwa Placide, mpiga picha. Chumba chake kilikuwa karibu na soko, na ukutani alitundika pazia alilochora maua makubwa ambayo sijawahi kuyaona yakiota popote. Placide alikuwa Mkristo mpole, alisoma kwa mapadri, na asipopiga picha aliwaandikia watu barua. Nilimhitaji kwa yote mawili. Mimi naandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, Baba ndiye aliyenifundisha. Amisa herufi zile zilimchosha akaziacha, kisha mumewe akamfundisha za Kizungu. Kwa hiyo sisi ndugu wa tumbo moja, wenye lugha moja, hatukuweza kuandikiana hata salamu.

Placide akachovya kalamu. "Tuanze, 'Kwako ndugu mupenzi, salamu nyingi kama muchanga wa Lualaba...'"

"Ondoa muchanga," nikasema. "Andika, Baba anakufa Rajabu. Anataka foto na watoto wake wote. Ukuje."

"Ni hiyo tu?"

"Andika tena, ulete mutoto."

Habari za mtoto nilizisikia sokoni. Placide akaandika, lakini nilimwona akichomeka salamu zake kando kando. Nikamwachia. Akaniambia kwamba Wazungu nao huadhimisha siku ya kuzaliwa, hupika mkate mtamu, huimba, huandika tarehe nyuma ya picha. Nikamwambia Wazungu wanaadhimisha kuzaliwa, sisi tunamngojea mtu afe, asiniletee habari za mkate. Nilikuwa karibu kulia, ndiyo maana nilimjibu vibaya.

Barua ikaondoka na motokari ya mizigo. Mvua zilikuwa nyingi, barabara ya Kabambare ilikuwa matope matupu, na kwa wiki mbili hakuna jibu lililorudi. Kila motokari iliposikika, Baba aliacha kukanyaga mashini ya kushona. Ikipita, aliendelea.

Basi siku moja nilifungua sanduku lake nitafute kanzu ya kuvaa siku ya picha. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, nikakuta karatasi ya babu Assumani, imeandikwa kwa mkono mzuri, herufi zetu. Majina ya watoto wake na siku walizozaliwa. Nikatafuta la Baba. "Zuberi, usiku wa Ijumaa, mwezi wa Rajabu, mwaka 1310."

Ni mwaka wetu, wa mwezi, sio wa Wazungu. Na mwaka tuliokuwa nao ulikuwa 1375. Hesabu ile haikuhitaji vidole. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa Kizungu kwa siku kama kumi na moja, na ukizikusanya siku hizo kwa umri wa mtu mzima unapata karibu miaka miwili. Kwa hesabu ambayo Mtume alihesabiwa, Baba alikuwa anatimiza sitini na tano. Sitini na tatu aliipita zamani, akiwa mzima, akila muhogo.

Kwanza nilifurahi mpaka nikakaa chini. Halafu nikaanza kufikiri, na furaha ikageuka hasira. Huyu ndiye mtu anayeona mwezi mwandamo kabla ya mtaa mzima. Huyu ndiye anayewasahihisha wenzake siku za kufunga. Leo akosee umri wake mwenyewe, tena ashike kitabu cha Bulamatari kama msahafu? Hakukosea. Alinidanganya, na mimi nimelia kwa siri nyuma ya jiko kwa wiki mbili.

Nikatoka uani na karatasi mkononi, maneno yote yamepangana mdomoni.

Baba alikuwa kwenye mashini. Alikuwa ameihamisha, sasa ilielekea barabara ya Kabambare. Na kile alichokuwa anashona hakikuwa kanzu. Kilikuwa gauni la mtoto wa kike, la kitambaa cha manjano, lenye mikono ya kuvimba. Miaka yote niliyoishi naye sikumwona akishona nguo ya mtoto.

"Ya nani ile?" nikamuuliza.

"Ya mutu."

"Mutu gani?"

"Kuko wasafiri wanapita hapa," akasema bila kuinua macho. "Mutu anawauliza habari. Wanasema kule iko mutoto mwanamuke. Lakini hawajue kupima, wale. Mumoja anasema mudogo, mumoja anasema murefu. Utashona namna gani?"

Nikatazama mgongo wake ulioinama. Mzee huyu aliapa mbele za watu, na kiapo kikamfunga mikono. Hakuweza kusema "namtaka mwanangu." Aliweza kusema "nakufa" tu. Nikaikunja karatasi, nikaificha ndani ya kitenge, nikasema naenda kuteka maji. Mtungi ulikuwa umejaa.

Amisa alifika siku tatu baadaye, ametapakaa matope mpaka magotini, kamshika mkono msichana wa miaka sita. Hakunisalimu. Alipita moja kwa moja, akapiga magoti mbele ya Baba, akakumbatia miguu yake, akalia kwa sauti mpaka majirani wakatoka.

"Baba, unisamehe. Baba, usiende."

Baba alikumbuka kukohoa. Kisha akaweka mkono juu ya kichwa cha Amisa akauacha palepale, na macho yake yakajaa machozi, wala hayo hayakuwa ya uongo.

Mtoto aliitwa Emilienne. Lile gauni lilimfika kwenye vifundo vya miguu. Baba akasema ni kosa la wasafiri.

Siku zilizofuata zilikuwa mtihani kwangu. Amisa alimlaza Baba mkekani, akamfunika, akampikia uji mwembamba wa wagonjwa. Baba, ambaye asubuhi nilimpa wali na samaki wa Nyangwe, aliunywa ule uji huku akinitazama kwa macho ya kuomba msaada. Nikamwongezea bakuli la pili. "Kunywa, Baba," nikasema, "unakufa."

Alijua kwamba najua. Akanywa.

Lakini nisijifanye mtu mwema sana. Amisa alipofua kanzu moja, jirani akaja kumsifu jinsi anavyomtunza mzee. Kanzu moja! Nilikwenda nyuma ya nyumba nikavunja kuni ambazo hazikuhitajika. Nilimpenda mdogo wangu na nilimchukia, na siku zile sikuweza kuvitenganisha.

Tukaenda kwa Placide. Akamketisha Baba kwenye kiti, Emilienne mbele yake, Amisa kulia, mimi kushoto, maua ya uongo nyuma yetu. Akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi.

"Musitikisike," akasema kutoka humo ndani. "Mama Faida, usikunje uso."

"Ndiyo uso yangu."

Baba akacheka. Alicheka sana, kicheko cha mtu mwenye afya, na Placide akatoa kichwa kutuonyesha amekasirika. Ilibidi tuanze upya. Amisa alimtazama Baba kwa wasiwasi, kama anayeogopa kwamba kicheko kile kitammalizia pumzi.

Picha zikawa tayari Rajabu ilipokwisha kuandama, siku ambayo motokari ilikuwa inarudi Kabambare. Amisa alikuwa amefunga mzigo wake tangu alfajiri, maana mvua zikizidi hangepata motokari nyingine, na hakuweza kula. Alijua akipanda motokari ile, atakaporudi atakuta kaburi. Aliniambia hivyo uani, akinishika mkono, na mimi nikainama nikafunga kamba ya kikapu mara tatu. Ulimi uliniwasha. Lakini siri ile haikuwa yangu.

Baba akaomba kalamu. Akaketi na picha ya Amisa magotini, akaigeuza, akaandika nyuma yake polepole kutoka kulia, mstari baada ya mstari, mpaka nafasi ikamalizika. Akapulizia wino. Akampa Amisa.

"Faida atakusomea," akasema. Akavaa kofia, akaenda msikitini kabla hata mwadhini hajaita, na alitembea haraka kuliko mgonjwa yeyote niliyewahi kumwona.

Amisa akanipa picha. Nikasoma kwanza kimya, nikalazimika kuanza tena, kwa sababu herufi zilikuwa zinacheza.

"Soma basi," akasema Amisa. "Ni wasia?"

Nikamsomea.

"Mimi Zuberi mwana wa Assumani, fundi wa Kasongo. Mwezi huu nimetimiza miaka sitini na tano kwa hesabu yetu. Sijaugua, sifi mpaka Mungu atakapopenda. Nilisema uongo ili Amisa aje, na nimekwisha kutubu kwa Mungu. Lakini ulikuwako uongo mwingine kabla ya huu, niliousema mlangoni, ya kwamba nina binti mmoja. Huo umedumu miaka tisa. Mwenye kuusamehe ni Amisa, nami sikupata ujasiri wa kumwomba kwa mdomo."

Amisa akaichukua picha, akaigeuza, akanirudishia. Emilienne alikuwa ameketi juu ya kikapu, gauni limemfunika miguu, akitutazama mmoja mmoja.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Jina yangu iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, mahali pa kwanza, halafu mahali pa pili. Akaweka kidole chake palepale, juu ya wino ambao haujakauka vizuri, akakitazama.

"Na yako?"

"Yangu haiko," nikasema. Ilinichoma, siwezi kudanganya. Miaka yote ile, na jina langu halimo hata mstari mmoja.

Amisa akaniangalia. "Yako angeiandika ya nini?" akasema taratibu. "Weye ndiye alikuachia kuisoma. Angekuwa hakuamini, angemupa Placide aandike kwa herufi za Kizungu, nijisomee."

Nikafuta uso kwa pindo la kitenge.

Honi ya motokari ikalia kutoka upande wa soko. Amisa akasimama, na mimi nikainama nimsaidie kujitwika kikapu. Hakukichukua. Akanikabidhi mtoto, akatoka mbio peku, njia ya msikitini, picha mkononi. Nikamfuata mpaka barabarani na Emilienne kiunoni. Nikamwona akimfikia Baba karibu na mlango wa msikiti. Sikusikia walichoambiana. Niliona tu Baba ameshikwa mikono yote miwili, kofia imemwanguka kwenye matope, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Mwadhini aliadhini. Wanaume wakaanza kupita pembeni mwao wakiingia ndani, mmoja baada ya mwingine, na kanzu zao zile zile alizozishona yeye. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, baba yangu alichelewa sala.