Mkono wa Alasiri

Baada ya kupasuliwa macho, Ngwali hakutamani kutazama televisheni, kama alivyodhani mkwewe, mume wa binti yake, kule Mkoani. Alitamani kupanda baiskeli yake, aende mpaka kwa rafiki yake Mmanga, amwambie: panda nyuma, leo zamu yangu.

Na zamu yake ilikuwa imechelewa sana. Tangu mtoto wa jicho alipomziba jicho la kulia na kisha la kushoto, Ngwali aliishi miaka na miaka ndani ya ukungu mweupe. Watu wa kijijini kwao, nje kidogo ya Wete, walimsikitikia. Walimsikitikia barazani, walimsikitikia msibani, wakaenda zao. Mmanga hakusikitika, alikuja tu. Kila alasiri, kabla ya adhana, aligonga mlango akasema, "Haya bwana harusi, toka, watu wanangoja." Kisha ulikuja mkono, mpana, mkavu, na kidole cha shahada kilichopinda tangu siku ile walipokuwa vijana, Mmanga akaanguka kutoka juu ya mkarafuu. Ngwali aliushika, wakaenda msikitini, wakatoka, wakakaa barazani kunywa kahawa na kubishana juu ya mambo yasiyokuwa na faida yoyote, mpaka baada ya isha Mmanga akamrudisha kwake.

Bi Moza alipofariki, mkono huohuo ndio uliomfikisha Ngwali kaburini, ukakiongoza kiganja chake kuchota udongo. Hakuuona uso wa mkewe alipokuwa mgonjwa, wala hakuliona kaburi lake. Alichobaki nacho siku ile kilikuwa mkono wa Mmanga, na hakuachiwa mpaka alipolala.

Mmanga huyo ndiye aliyemburura kwa maneno makali hadi kwa madaktari wa macho walipopiga kambi Wete, maana Ngwali, pamoja na ukali wake wote, alikuwa mwoga wa kisu. Alipotoka na bandeji, Asma binti yake alimpakia garini moja kwa moja mpaka Mkoani, amtie dawa mwenyewe. Hakumwamini mtu. Huko Ngwali alikatazwa kuinama, akasali kitini. Alikatazwa kubeba hata ndoo. Jicho moja likapona, wakamfanyia na la pili, na kila aliporudi kuangaliwa, swali lake lilikuwa lilelile: "Na baiskeli?" Bado, aliambiwa. Bado mzee.

Bandeji ya kwanza ilipofunguliwa, Asma alimpa kioo. Ngwali akatazama, akashtuka, akageuka nyuma kuangalia nani kasimama.

"Nani yuno?" aliuliza.

"Wewe, baba."

Alicheka, lakini alikaa na kile kioo muda mrefu. Akakubali zile mvi, akakubali na mashavu yaliyoingia ndani. Alijizeesha yeye mwenyewe, akasahau kumzeesha na Mmanga. Kichwani mwake Mmanga alibaki vilevile alivyomwona mara ya mwisho: kifua kipana, ndevu nyeusi tititi, mtu wa kupanda mkarafuu mrefu huku akiimba.

Ruhusa ilipopatikana, alirudi nyumbani. Alipofungua mlango, akaiona nyumba. Alipokuwa haoni, Bi Moza alikuwa kama yupo chumba cha pili, kanyamaza tu kama alivyokuwa akinyamaza akikasirika. Sasa aliona chumba cha pili hakina mtu. Kanga yake ilining'inia msumarini, imepauka upande wa dirishani. Ngwali alikaa juu ya kitanda, upweke ukamwingia mpaka kwenye mifupa. Akajiambia, kesho nikimpata Mmanga yatapungua haya.

Hakumpigia simu. Alitaka amfumanie. Asubuhi alimpelekea Jaribu, fundi baiskeli, Finiksi yake iliyokuwa imening'inizwa kwenye boriti, amtilie mipira mipya na kuupaka mnyororo mafuta. Akamwambia afunge kipande cha godoro juu ya keria.

"Unambeba nani, mzee?" Jaribu aliuliza. "Umepata mchumba?"

"Nnambeba Mmanga. Kanishika nkono miaka yote hino, na mie leo ntamtembeza."

Akapanda mapema, kabla ya alasiri. Mwanzo usukani ulimcheza, akakaribia kuingia mtaroni, na kijasho chembamba kikamtoka. Kisha miguu ikakumbuka. Upepo ukampiga kifuani na Ngwali akajikuta anacheka peke yake. Aliona karafuu zilizoanikwa kwenye mikeka kando ya njia, nyekundu upande huu, nyeusi upande ule. Alimsalimu kila aliyemkuta, kwa sababu aliye juu ya chombo ndiye anayemsalimu aendaye kwa miguu, na Ngwali kwa adabu zake hakuwa mtu wa kungoja kukumbushwa. Wengi hakuwajua kwa sura, ila walipoitikia aliwajua kwa sauti.

Karibu na kona ya skuli alimwona mzee mmoja anakuja kwa miguu upande wake. Alikuwa mwembamba, mgongo umepinda, ndevu nyeupe pe, kanzu imemzidi. Yule mzee alisimama. Akatabasamu, na akanyoosha mkono mbele, kiganja juu, kama mtu anayeomba kitu.

Ngwali alimwonea huruma. Lakini adhana ilikuwa karibu, na keria ilikuwa ya Mmanga.

"Assalaam aleikum, mzee wangu," alisema bila kupunguza mwendo. "Niwie radhi, nnawahi, kuna ntu namfuata."

Mzee hakuitikia. Ngwali akapita.

Nyumbani kwa Mmanga alipiga hodi kwa sauti ya kishindo. Alitoka Bi Mwanamize, mke wa Mmanga, na Ngwali alimjua mara tu aliposema.

"Alhamdulillahi! Ngwali na baiskeli! Mwenzio yuko wapi?"

"Mie ndo nlomfuata. Mwambie atoke."

"Katoka sasa hivi, kakufuata weye. Tangu aliposikia jana kwamba umerudi hajatulia. Mmepishanaje, na njia ni moja?"

Ngwali alishika usukani kwa nguvu. Njia ilikuwa moja kweli. Na kwenye njia hiyo mtu aliyekuja upande wake kwa miguu alikuwa mmoja tu. Sasa ndipo alipokumbuka na kidole. Kilikuwa kimepinda. Alikuwa amekiona, kwa macho yake mapya, wala hakikumwambia kitu.

Alirudi mbio kiasi cha kumwogopesha kuku wa watu. Njiani hakumkuta. Nyumbani kwake hakumkuta. Adhana ilikuwa imeshapigwa. Akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa msikiti, karibu na mlango, akaingia, akajiunga na safu ya nyuma, na Mungu amsamehe, katika sala ile hakujua amesoma nini. Mbele yake kulikuwa na migongo ya wazee, na migongo yote ilikuwa imepinda.

Walipotoa salamu, watu wakapeana mikono. Mzee mwembamba wa safu ya mbele akageuka, akampa wake. Ngwali alifumba macho bila kukusudia, akaushika, na pale pale akawa yupo nyumbani. Mpana, mkavu. Ulikuwa umepungua nyama lakini ni wenyewe.

"Sikukujua, Mmanga," alisema.

"Najua."

"Mbona ulinyamaza? Ungesema neno moja tu."

"Nlinyamaza kusudi," alisema Mmanga. "Miaka yote nakusemesha. Nikasema leo sisemi, leo na anione."

"Nimekosa, ndugu yangu. Nisamehe."

"Hukukosa. Umenambia ukweli, umenita mzee." Alijaribu kucheka. "Mie nyumbani hakuna aliyenambia. Nlikuwa nakushika nkono weye, najiona kijana. Nlikuwa najiona mie ndo mwenye nguvu."

"Twende barazani. Kahawa leo juu yangu. Kisha n'kupakie, nimekufungia godoro."

Mmanga alilitazama lile godoro kupitia mlangoni. Akaachia mkono.

"Nenda weye, una chombo. Mie n'takwenda polepole."

Na kweli alikwenda polepole, kwake, bila kupitia barazani.

Kesho yake Ngwali alikaa mlangoni kabla ya alasiri. Alikuwa ameoga na kuvaa. Hakugongewa. Kesho kutwa hakugongewa. Msikitini walisalimiana vizuri, wakaulizana hali za watoto, na adabu ile ilimwuma Ngwali kuliko matusi, kwa sababu yeye na Mmanga hawakuwahi kuwa na adabu. Barazani watu walimsifu kwa macho yake. Walimwambia kapata ujana mpya. Alirudi peke yake baada ya isha, anaona vizuri kila shimo, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumfikisha.

Siku ya Ijumaa hakuvumilia. Mchana wa sala aliondoka kwake na baiskeli, akachukua njia ya kwa Mmanga, na kwenye kona ya skuli akamwona mbele, kampa mgongo, keshaingia njia ya mkato, anaelekea msikitini peke yake. Safari hii alimjua hata kwa mgongo. Alikuwa na haki ya kupiga kengele. Alikuwa na haki ya kumfikia, akatoa salamu kama ada ya aliyepanda, akapita au akasimama. Ngwali alishuka. Akaikokota baiskeli, akamfuata kwa miguu.

Mnyororo ulilia tik, tik, tik. Mmanga aliusikia, kwani alipunguza mwendo. Hakugeuka. Njia ya mkato pale inashuka, ina mizizi, na ndipo mahali ambapo miaka yote Mmanga alikuwa akisema, "Angalia mguu." Walipofika penye mizizi, mkono wake ulitoka ubavuni, ukanyooka nyuma, wazi, unangoja.

Ngwali alitoa mkono kwenye usukani.

Lakini Mmanga alikuwa amekumbuka. Mkono ulikunja vidole, kimoja kimepinda, ukarudi ukashika upindo wa kanzu, kama kwamba ndiyo kazi uliyotokea. Akaendelea kushuka, mzizi kwa mzizi, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kuonekana kuwa anaangalia.

Angekuwa bado kipofu, Ngwali asingeliona lile. Angeungoja mkono, na ungekuja. Alisimama kidogo juu ya mteremko, baiskeli imemwegemea kiunoni na godoro likiwa jipya juu ya keria, akamtazama rafiki yake anavyokwenda. Kisha akasema, taratibu, kwa mgongo ule:

"Angalia mguu."

Mmanga alishuka mpaka chini. Hapo alisimama, akauelekeza uso msikitini, na akangoja mpaka mnyororo ulipomkaribia, ndipo akaanza tena kutembea.